KUNGOJA NI KAZI: SOMO KUTOKA SHAMBA LA MIZABIBU UINGEREZA

Maandiko ya kusoma: Yohana 15:1-8; Walawi 19:23-25; Yakobo 5:7-8



Somo la leo ni refu kidogo, kwa hivyo chukua chai yako ukae nalo. Kama uko kwenye matatu, lihifadhi ulisome jioni. Nataka tuzungumze juu ya kungoja, maana naona watu wengi wa Mungu wamechoka kungoja, na wengine wako karibu kuondoka mahali ambapo Mungu mwenyewe aliwapanda.

Yakobo alipotaka kufundisha juu ya saburi, alimtaja mkulima. Na Bwana wetu, usiku ule wa mwisho kabla ya msalaba, alimwita Baba yake mkulima, akajiita mzabibu, akatuita sisi matawi. Shida ni kwamba wengi wetu Kenya tumesikia Yohana 15 ikihubiriwa tangu shule ya Jumapili, lakini hatujawahi kuugusa mzabibu. Tunajua mahindi, ambayo unapanda mvua ikinyesha na baada ya miezi michache unachoma gunzi. Tunajua sukuma wiki, ambayo unachuma leo na wiki ijayo unachuma tena. Nafikiri hata imani yetu wakati mwingine tumeipima kwa kalenda ya sukuma wiki.

Kuna dada wa kanisa letu ambaye anafanya kazi ya kuwatunza wazee kusini mwa Uingereza, eneo la Sussex. Mwezi wa pili mwaka huu alinitumia picha za shamba la mizabibu analolipita akienda kazini. Ilikuwa baridi, mbingu ni kijivu, na watu wawili wamevaa makoti mazito wakiikata mizabibu. Aliandika hivi: "Pasta, wamekata karibu kila kitu. Hii miti kweli itapona?"

Swali lile lilinifanya nisome sana juu ya mashamba hayo, na leo nataka tugawane niliyoyapata.

Kwanza niseme jambo moja ili mtu asinielewe vibaya. Mashamba hayo hutengeneza divai yenye mapovu, ile inayofunguliwa kwa mlio katika sherehe. Mimi sinywi, na msimamo wa kanisa letu mnaujua. Tuna ndugu ambao Bwana aliwatoa kwenye chang'aa, na siwezi kuandika neno la kuwarudisha huko. Efeso 5:18 ingali katika Biblia zetu. Lakini Bwana Yesu alifundisha kutoka kwa shamba la mizabibu, na mimi nataka tujifunze kwa mkulima. Kilicho ndani ya chupa tuwaachie wenyewe.

Mahali ambapo watu walicheka

Tukisikia zabibu, wengi tunafikiria nchi za jua, kama Israeli, Italia, au hapa jirani Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Uingereza ni nchi ya mvua na baridi. Mizabibu ilikuwepo huko zamani. Kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086 kinataja mashamba zaidi ya 40. Lakini kazi hiyo ilififia, na ilipoanza kurudi katika miaka ya 1950, watu wengi waliiona kama mchezo wa wazee waliostaafu. Jua ni kidogo, zabibu zinakawia kuiva, na zikivunwa ni chachu kuliko za nchi zenye joto.

Sasa sikiliza. Chini ya vilima vya kusini mwa Uingereza kuna mwamba mweupe wa chaki. Chaki hiyo ni ya jamii moja na ile iliyo chini ya eneo la Champagne huko Ufaransa. Inapita chini ya bahari kati ya nchi hizo mbili. Mwamba huo hushika maji kama sifongo, lakini yaliyozidi huyaacha yapite. Na ule uchachu uliochekwa ndio hasa unaohitajika kwa divai ya mapovu. Zabibu tamu kupita kiasi, zilizopikwa na jua, hazifai sana kwa kazi hiyo. Yaani kile ambacho watu walikiita kasoro ya nchi ile, ndicho kilichokuwa kipawa chake.

Mwaka 1988, Stuart na Sandy Moss, mume na mke kutoka Marekani, walipanda mizabibu ya aina zinazotumika Champagne mahali paitwapo Nyetimber, huko West Sussex. Inasimuliwa kwamba walishauriwa wapande matofaa tu. Wakapanda mizabibu. Mavuno yaliyowapa divai yao ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1992, na divai hiyo ilikaa miaka mingine kabla ya kuuzwa. Leo hata Wafaransa wamevuka bahari: kampuni ya Taittinger ya Champagne ilinunua ardhi Kent na kuanza kupanda mwaka 2017.

Mtu wa Mungu, kuna kitu katika maisha yako ambacho watu wamekucheka nacho. Labda ni kijiji ulikozaliwa, au umri wako, au masomo uliyoyaacha katikati. Usiharakishe kukichukia. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na jibu alilopewa unalijua.

Tunda la kwanza hukatwa

Hapa ndipo nilipoguswa zaidi.

Mzabibu ukipandwa, mwaka wa kwanza hakuna mavuno. Mwaka wa pili unaweza kuanza kutoa vichala vidogo. Mkulima anayejua kazi yake huvikata na kuvitupa chini, maana mti mchanga ukiachwa ubebe matunda mapema, nguvu yake yote huenda juu na mizizi haishuki. Kwa hivyo miaka ya mwanzo anaujenga mti, mwaka wa tatu ndipo anapata mavuno kidogo, na yanaongezeka baadaye.

Fungua Walawi 19:23-25. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba wakiingia nchi ile na kupanda miti ya matunda, kwa miaka mitatu wasiyale matunda yake. Ya mwaka wa nne ni matakatifu kwa Bwana. Mwaka wa tano ndipo wale. Nilipokuwa chuo cha Biblia niliupita mstari huo haraka, nikiuona ni sheria ya zamani tu. Sasa naona pia hekima ya Mwenye shamba ndani yake.

Kuna kijana mmoja mwinjilisti ambaye nimemlea katika huduma. Alitumwa kuanzisha kanisa sehemu kavu upande wa Ukambani. Mwezi uliopita aliniandikia usiku wa manane: "Baba, huu ni mwaka wa tatu. Watu ni 19. Mwenzangu tuliyeanza naye ana hema limejaa na vyombo vipya. Labda Mungu hakuniita."

Nilisoma ujumbe huo mara nyingi. Watu 19! Namjua kila mmoja wao kwa majina, kwa sababu yeye huniambia anapowaombea. Kuna mama aliyeacha uganga. Kuna wavulana wawili wanaojifunza kusoma kwa kutumia Injili ya Marko. Nilimwambia, "Mwanangu, hapo juu unaona vichala vichache. Uliza mizizi imefika wapi."

Bado hajaniambia kama atabaki. Ninapoandika haya ninamwombea, na nawaomba nanyi mwombeeni. Sijamwandikia ahadi ya kwamba mwaka ujao watakuwa 200, kwa sababu Bwana hajanipa neno hilo, na nisingependa kumpa kijana wa watu unabii wa kumfariji kwa wiki mbili halafu umvunje moyo kwa miaka kumi.

Kisu cha wakati wa baridi

Nirudi kwa swali la yule dada. Je, miti iliyokatwa hivyo itapona?

Itapona, dada yangu. Mzabibu huzaa kwenye machipukizi mapya yanayotoka katika fimbo ya mwaka uliopita. Usipokatwa unakuwa kichaka: majani mengi, kivuli kingi, ukungu mwingi, na zabibu ndogo zisizoiva. Kwa hivyo kila msimu wa baridi mkulima huondoa sehemu kubwa kabisa ya matawi na kubakiza fimbo moja au mbili, ambazo huzikunja na kuzifunga kwenye waya. Mkulima wa chai wa Kericho ataelewa hili upesi. Siku mchai unapokatwa mpaka karibu na shina, mgeni anaweza kudhani shamba limeharibiwa.

Angalia pia ni nani anayeshika kisu. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, mti kwa mti, na kabla ya kukata mtu husimama akautazama mti ule peke yake, maana kila mmoja umekua kwa namna yake. Biblia yetu ya Kiswahili katika Yohana 15:2 hutumia neno la kusafisha, na ni sawa, maana Kigiriki chake, kathairo, ni kusafisha. Baba anapokata kwako, anakusafisha. Na neno jingine katika mstari huo huo, airo, ambalo linatafsiriwa kuondoa, linaweza pia kumaanisha kuinua. Walimu hawakubaliani ni maana gani inafaa pale, nami sitafanya vita. Lakini ukitembelea shamba lile wakati wa kiangazi chao utaona wafanyakazi wakipita kila mstari, wakiyainua matawi yaliyolala na kuyaingiza katikati ya waya ili yapate jua. Mkulima yule yule mwenye kisu ndiye anayeinua.

Usiku wa mishumaa

Mwezi wa nne machipukizi hutokea, membamba na laini. Na hapo ndipo adui wao mkubwa huja, ile jalidi ya alfajiri ambayo wakulima wa viazi wa Kinangop wanaijua vizuri. Usiku mmoja unatosha kuchoma mavuno ya mwaka mzima. Ndiyo maana wenye hekima hupanda kwenye mteremko, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda bondeni kama maji. Na usiku wa hatari wengine huamka saa nane, saa tisa, wakawasha mamia ya makopo ya nta katikati ya mistari ili kuipasha hewa joto kidogo. Huo wapendwa ni mkesha, hata kama wao hawauiti hivyo.

Mwishoni mwa mwezi wa nne mwaka 2017 jalidi kali ilipiga mashamba mengi kusini mwa Uingereza, na wengine walipoteza sehemu kubwa ya mavuno. Fikiria mtu aliyengoja miaka mitatu mizizi ishuke, halafu anaamka asubuhi anakuta machipukizi yamekuwa meusi.

Wakafanya nini? Waliendelea na kazi. Walitunza kile kilichochipuka tena. Baridi ilipofika walikata kama kawaida, walifunga kama kawaida. Na mwaka 2018 jua liliwaka vizuri, na Uingereza ikapata mavuno makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa huko hadi wakati ule.

Nisikilize vizuri hapa, maana ni rahisi kugeuza habari hii kuwa kelele. Sisemi kwamba kila hasara ya mwaka huu lazima ilipwe mara mbili mwaka ujao. Ninachosema ni hiki: jua la 2018 liliwafaa wale waliokuwa bado wana mizabibu iliyotunzwa. Aliyeng'oa mizabibu kwa hasira mwaka 2017 angepata jua tupu.

Ndani ya chupa, gizani

Ukidhani kungoja kumeisha wakati wa mavuno, bado. Zabibu huchumwa mwezi wa tisa na wa kumi, kwa kawaida kwa mkono, zikakamuliwa polepole. Baada ya divai ya kwanza kutulia, hutiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na chachu, ikafungwa kwa kifuniko cha chuma kama kile cha soda. Chupa hulazwa mahali penye giza na ubaridi. Ndani yake chachu inaila sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo haina pa kutokea. Shinikizo linapanda mpaka linapita upepo wa tairi ya gari mara mbili na zaidi.

Mapovu yote yanayopendwa na watu kwenye sherehe yalitoka hapo, katika chupa iliyofungwa, gizani, chini ya shinikizo. Ukiifungua mapema, yanatoroka.

Na chupa lazima iwe imara. Zamani chupa zilikuwa dhaifu, zikapasuka. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza alikataza viwanda vya vioo kutumia kuni, kwa kuwa misitu ilihitajika kwa meli. Wakalazimika kutumia makaa ya mawe, moto ukawa mkali zaidi, na vioo vikatoka vigumu zaidi. Mwaka 1662 daktari mmoja Mwingereza, Christopher Merret, aliwaeleza wanasayansi wa London jinsi watu walivyokuwa wakiongeza sukari kwenye divai ili itoe mapovu. Moto mkali ulikuja kwanza, chupa ikawa tayari, ndipo shinikizo likawa na faida. Kuna mtu anasoma hapa anayelia kwamba tanuri limekuwa kali. Huenda Mungu anaandaa chombo.

Sheria yao inadai chupa ikae pamoja na chachu yake angalau miezi 9. Walio makini huiacha miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Katika muda huo chachu hufa, na wanaoionja husema kufa kwake ndiko kunakoipa divai ile ladha ya mkate uliotoka kwenye tanuri. Bwana wetu alisema nini juu ya chembe ya ngano katika Yohana 12:24? Kasome.

Mwisho chupa hugeuzwa kidogo kidogo, kichwa chini, mpaka mashapo yote yashuke shingoni. Shingo hugandishwa, kifuniko kinafunguliwa, na shinikizo lenyewe linayarusha nje yale machafu. Ndipo kizibo cha kudumu huwekwa. Piga hesabu sasa: tangu mche kuingia ardhini mpaka chupa ya kwanza kuuzwa, miaka 5, 6, 7, na zaidi.

Ekari sita

Usifikiri mambo haya ni ya matajiri wakubwa peke yao. Karibu na mji wa Lewes, katika bonde dogo la vilima vya Sussex, kuna shamba liitwalo Breaky Bottom, la ekari kama 6 tu. Peter Hall alilipanda mwaka 1974, na katika miaka ya 1990 akageukia divai ya mapovu. Katika miaka hiyo mafuriko ya matope yaliwahi kumjia kutoka mashamba ya juu, dawa ya magugu ilipeperushwa na upepo ikachoma mizabibu yake, na ndege wakala zabibu zake. Hakuuza shamba. Hakulipanua liwe kubwa ili aonekane. Alilitunza bonde lake, akafuga na kondoo, na divai zake nyingi akazipa majina ya watu aliowapenda na kuwaheshimu.

Mashamba madogo mengi huko sasa yanafuata njia hiyo ya utunzaji. Nyasi na maua huachwa kati ya mistari ili udongo usichukuliwe na mvua na nyuki wapate chakula. Wakati wa baridi kondoo huingizwa wale nyasi na kuacha samadi. Wengine wameacha kabisa dawa za kuua magugu. Mzabibu ukitunzwa unaweza kuzaa miaka 30, 40, na zaidi, kwa hivyo anayepanda anajua kwamba udongo huo atamwachia mwingine.

Mpendwa, je, huduma yako inaacha udongo ukiwa hai? Unaweza kukuza kitu kwa haraka kwa kuwachosha watu, kukamua sadaka, na kuwaacha watoto wako nyumbani bila baba. Kitaonekana kikubwa kwa miaka michache. Atakayekuja baada yako atakuta ardhi iliyokufa.

Basi tufanye nini tunapongoja?

Pima udongo. Wale walitafuta chaki na mteremko kabla ya kupanda. Imani haikatazi kuuliza maswali, kuomba ushauri, na kuthibitisha kwamba ni Mungu aliyekutuma hapo.

Kubali kisu. Kuna tawi ambalo Bwana amegusa mara tatu mwaka huu nawe unalishikilia. Liachilie.

Fanya kazi ya leo. Mkulima hana kazi ya mwaka wa saba. Ana mti huu mmoja mbele yake asubuhi hii. Mtembelee mgonjwa. Fundisha wale 19. Lipa karo ya muhula huu. Omba na mke wako usiku wa leo.

Na kaa ndani yake. Tawi halijikazi ili lizae. Linakaa katika mzabibu na utomvu unapita. Ukikatika hapo, bidii yako yote haitatoa hata zabibu moja.

Tuombe

Baba, Mkulima wetu, tunakushukuru kwa kuwa hujatuacha tuwe kichaka. Wakumbuke wanaongoja mtoto, kazi, uponyaji, au mwana aliyepotea arudi nyumbani. Mkumbuke yule kijana wako huko Ukambani na watu wake 19. Usimwache ang'oe kile ulichopanda. Walio mbali na nyumbani katika nchi za baridi, uwafunike. Ndugu zetu uliowatoa kwenye pombe, uwashike wasirudi. Tufundishe kufanya kazi ya leo kwa uaminifu, na matunda yatoke kwa wakati wako, kwa utukufu wako. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kuna mtu unayemjua aliye karibu kung'oa mizabibu yake, mtumie somo hili, kisha umpigie simu.

Mbarikiwe sana. Tuonane ibadani Jumapili.